Kilomita Asubuhi, Wateja Jioni

Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani, zinasema kocha haruhusiwi kumshughulisha mwanariadha zaidi ya saa 20 kwa wiki msimu ukiwa umeanza, wala zaidi ya saa 4 kwa siku, na kila wiki iwe na siku moja ya kupumzika. Nilipozisoma nikiwa bado nyumbani Elgeyo Marakwet, nikisubiri viza, niliona mambo ni mepesi. Kwetu wanaojiandaa kambini hukimbia mara mbili kwa siku, wengine mara tatu, na hakuna anayewahesabia saa.

Ukifika ndipo unapojua hesabu yenyewe inavyopigwa. Siku ya mashindano huandikwa saa 3, hata kama mliondoka alfajiri mkarudi usiku wa manane. Safari haihesabiwi. Muda wa kukandwa misuli na kutibiwa hauhesabiwi. Siku mliyoshinda ndani ya basi inaweza kuandikwa kuwa ndiyo siku yenu ya kupumzika, mradi hamkufanya mazoezi. Na sisi tulikuwa Texas Magharibi, nchi ya mashamba ya pamba na upepo wa vumbi, ambako kutoka mji hadi mji ni mwendo wa saa nyingi.

Niliishi ndani ya hesabu hiyo kuanzia 2019. Miaka miwili ya mwisho, 2023 hadi 2025, niliibeba pamoja na masomo ya uzamili ya ushauri nasaha wa afya ya akili. Wadogo zangu walioko vyuoni huniuliza niliwezaje, na wengi hutaka niwape ratiba. Ratiba nitaieleza. Lakini kabla ya ratiba ningependa walijue hili: kumsikiliza mtu aliyeumia ni mazoezi mazito. Yanachosha miguu. Mwanariadha asiyeyatia kwenye hesabu yake atashangaa kwa nini anazidi kuwa mzito ilhali kilomita zake ni zile zile.

Huulizwa pia iweje mtu mwenye shahada aendelee kuvaa jezi ya chuo. Kanuni niliyoingia nayo ilikuwa miaka mitano tangu uanze masomo, na ndani yake misimu minne ya kushindana. Tuliokuwa chuoni 2020 hadi 2021, korona ilipovuruga kila kitu, tuliongezewa mwaka. Mimi tena nilipata ufa kwenye mfupa wa muundi, nikakaa nje msimu mzima wa mbio za nyika. Kwa hiyo nilipomaliza shahada ya saikolojia 2023 bado nilikuwa na misimu miwili, na ufadhili ungelipia uzamili. Nyumbani hilo lilikuwa jambo la kumshukuru Mungu, si la kujadili. Kilichojadiliwa ni kozi. Mjomba mmoja aliniuliza kwa upole kama nimeshindwa kupata kitu kingine, kwa sababu alidhani ninakwenda kukaa na wendawazimu. Wengine walisema masomo ya namna hiyo yataniua mbio. Hao niliwajibu kwa kumtaja Sally Kipyego, binti wa kwetu Marakwet, aliyesomea uuguzi Texas Tech huku akishinda mbio za nyika za NCAA mara tatu mfululizo, 2006, 2007 na 2008, kisha akaleta medali ya fedha ya mita 10,000 kutoka Olimpiki ya London 2012. Uuguzi haukumwua mbio.

Niliichagua kozi hii kwa sababu ya ule mfupa. Mwanariadha aliyeumia akiwa ughaibuni anapoteza vitu vingi kwa mpigo. Wenzake wakiondoka asubuhi yeye anabaki na baiskeli ya mazoezi. Akipiga simu nyumbani anaulizwa atashindana lini. Na hela aliyozoea kutuma inaanza kumtia hofu. Mshauri wa chuo alinipokea wiki baada ya wiki, na hakuwahi kuniambia nijikaze. Nilikuwa nimeambiwa nijikaze tangu darasa la nne. Nilitaka kujua amejifunza wapi kukaa na mtu namna ile.

Shahada yenyewe si fupi. Programu iliyoidhinishwa na CACREP, baraza linalokagua kozi za ushauri nasaha Marekani, ina krediti 60. Juu ya krediti kuna saa za vitendo: praktikamu, yaani mafunzo ya kwanza ya vitendo, ya saa 100, ambazo angalau 40 uwe umekaa na wateja wenyewe, yaani watu wanaokuja kupata ushauri, kisha intanshipu, mafunzo marefu zaidi ya kazini, ya saa 600, ambazo 240 ni za wateja. Muda wote huo, kila wiki, unakutana na msimamizi anayepitia kazi yako. Ukilinganisha saa hizo na msimu wa riadha utaona mara moja kwamba praktikamu inaweza kukaa pamoja na mbio, lakini intanshipu haiwezi. Nilimwendea mshauri wangu wa masomo kabla hata muhula wa kwanza haujaanza, tukaipanga intanshipu baada ya msimu wangu wa mwisho. Kama kuna jambo moja ambalo ningemshika mtu mkono nimfanyishe kwa lazima, ni hilo. Wenzetu Wamarekani wanaweza kupunguza masomo muhula ukiwazidi. Sisi wa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, hatuna nafasi hiyo, kwa sababu lazima tubaki wanafunzi wa muda wote, na mafunzo yanayofanyika nje ya chuo yanahitaji idhini ambayo ofisi ya wanafunzi wa kigeni huishughulikia mapema, kabla hujaanza hata saa moja.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kusoma: nadharia, maadili, makuzi ya binadamu, upimaji. Hayo yanasomeka ndani ya basi. Madarasa mengi yalianza jioni kwa sababu wanafunzi wengi wa kozi hii wana kazi za mchana, na kwa mkimbiaji anayemaliza kazi yake ngumu asubuhi, ratiba hiyo ni ya heri. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, nilimsoma nikielekea mashindano ya New Mexico, barabara imenyooka hadi macho yanachoka. Aliandika kwamba mteja hubadilika anapokutana na mtu mkweli, anayemwelewa, na anayemthamini bila kumwekea masharti. Nilikaa na neno hilo la masharti muda mrefu. Thamani ya mwanariadha ina masharti mpaka kwenye karatasi ya ufadhili, na mimi nilikuwa nimeingia kwenye mbio nikiwa na umri ambao mtu hajajua kutenganisha muda aliokimbia na nafsi yake.

Kisha ikaja Februari 2024. Jumapili ya tarehe 11 Wamarekani tulioishi nao walikuwa wakijiandaa kutazama Super Bowl, fainali ya kandanda ya Kimarekani. Simu zetu zikaanza kulia mfululizo. Kelvin Kiptum, aliyekuwa ametoka kuweka rekodi ya dunia ya marathoni ya 2:00:35 kule Chicago Oktoba iliyotangulia, alikuwa amefariki katika ajali ya gari karibu na Kaptagat, pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana. Alikuwa na miaka 24. Kuna kijana wa timu yetu ambaye barabara ile ndiyo aliyokulia. Siku nne baadaye tukasikia Henry Rono naye ametutoka. Wadogo hawakumjua vizuri, ikabidi tuwaeleze: Mnandi aliyesoma Washington State, ambaye mwaka 1978, akiwa angali mwanafunzi wa chuo kama wao, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Tukawaeleza pia kuhusu pombe iliyomvurugia miaka iliyofuata, kwa sababu yeye mwenyewe alilisema wazi na hakuna sababu ya kumfichia.

Wiki ile nyumba niliyopanga ilijaa. Watu walikuja kula na kukaa. Usiku mmoja msichana wa mwaka wa kwanza alibaki wengine walipoondoka, akaniuliza, "Dada, si wewe unasomea mambo haya? Basi nifanyie, nisiote tena ile ajali."

Nilikuwa nimeshasoma kanuni za maadili za ACA, chama cha washauri nasaha wa Marekani, kuhusu kutomfanya mteja mtu ambaye mna uhusiano mwingine naye. Darasani zilionekana rahisi. Mbele ya binti aliyetoka mlima mmoja nami, zilikuwa ngumu, kwa sababu kwetu mkubwa anayemwambia mdogo aende kwa mtu mwingine ameonekana kumfungia mlango. Nikamwambia nitakuwa dada yake kikamilifu: atalala hapa, atakula hapa, na ndoto ikimwamsha anigongee. Lakini mtu wa kuzifanyia kazi zile ndoto yupo kwenye kituo cha ushauri cha chuo, na kesho nitampeleka mpaka mlangoni. Nilimpeleka. Akaendelea kwenda.

Baadaye ndipo nilipoelewa uzuri wa kanuni ile. Mimi na yeye tulikuwa tukigombea nafasi katika timu moja. Nafasi za kusafiri zina idadi. Kama ningekuwa mshauri wake, angepanga mstari nami akijua ninabeba siri zake zote, na huenda angeona haya kunipita kwenye kilomita ya mwisho. Alistahili kunipita bila kufikiria lolote, na msimu uliofuata alinipita.

Praktikamu nilianza vuli ya 2024, katikati ya msimu wa nyika. Wateja niliwaona Jumatatu na Jumatano jioni katika kliniki ya idara, watu wa mjini wanaolipa kidogo au hawalipi kabisa. Chumba kina kamera, mteja hutia saini kukubali kurekodiwa, na msimamizi huzitazama rekodi nawe dakika kwa dakika. Mwanzoni mteja hujaza PHQ-9, fomu ya maswali tisa kuhusu huzuni, usingizi, hamu ya kula na mengineyo ya wiki mbili zilizopita. Baada ya hapo ni wewe na yeye kwa dakika hamsini, na kwa yanayosemwa humo sitaandika hata mstari.

Jumanne asubuhi ilikuwa siku yetu ya mita 1000 za kurudiarudia. Miguu ikaanza kukataa. Haikuwa inauma; ilikataa tu. Marudio ya tatu nilihisi kama ya nane. Mkimbiaji wa kike akichoka hivyo hufikiria damu kwanza, kwa hiyo nikapimwa madini ya chuma, yakawa sawa. Kilomita hazikuwa zimeongezeka. Usingizi ulikuwa wa kutosha. Kilichobaki ni Jumatatu jioni.

Nikatafuta, nikakuta utafiti wa Samuele Marcora na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, uliochapishwa 2009. Waliwachukua watu 16 na kuwapandisha baiskeli mpaka wachoke kabisa, mara moja baada ya dakika 90 za kazi ya kompyuta inayotaka umakini mkali, na mara nyingine baada ya dakika 90 za kutazama filamu za maelezo. Baada ya filamu walidumu kwa wastani sekunde 754. Baada ya kazi ya akili, 640. Moyo na misuli havikuonyesha tofauti ya kueleza pengo hilo. Kilichobadilika ni jinsi walivyouona uzito wa kazi: tangu mwanzo waliihisi ngumu zaidi, wakafika mapema pale ambapo mtu husema basi. Kliniki si kompyuta, najua, na mimi ni mtu mmoja. Lakini nilipousoma nilijiona humo.

Kila mwanariadha ana daftari la mazoezi. Langu lilikuwa na safu za kilomita, muda, usingizi na mapigo ya moyo ya asubuhi. Nikaongeza safu ya wateja: idadi yao, na alama ya moja hadi kumi ya jinsi nilivyotoka chumbani nimechoka. Hakuna jina, hakuna kisa. Hata hivyo nilimwuliza msimamizi wangu kwanza kama inafaa, akasema alama yangu ni mali yangu. Baada ya wiki chache nilikuwa na kitu cha kumwonyesha kocha. Makocha wetu ni watu wa takwimu. Ukimwambia umechoka roho atakuhurumia na kukupa mazoezi yale yale. Ukimwekea ukurasa ambao kila alama nane ya Jumatatu inafuatwa na Jumanne mbovu, anachukua kalamu.

Alichofanya ni kuihesabu jioni ya wateja kama siku ngumu. Mazoezi yangu makali yakahamia Jumatano asubuhi, kabla ya wateja na si baada yao. Jumanne nikawa na kilomita za taratibu, na Alhamisi vivyo hivyo. Kulikuwa na gharama: timu ilifanya mita 1000 Jumanne pamoja, mimi nikabaki nazifanya Jumatano na wavulana wawili waliokuwa na maabara siku ya Jumanne, wenye kasi kuliko mimi, au peke yangu na upepo. Ile raha ya kukimbia katikati ya kundi la wasichana, mgongo kwa kifua, nyayo zikiita kwa pamoja, niliikosa vuli nzima. Lakini miguu ilirudi. Nafasi yangu katika timu ya watu saba niliipata kwa mazoezi ya Jumatano.

Jambo jingine ninalotofautiana na wengi ni hili la kusema kukimbia kunasafisha akili. Kwa mtu wa kawaida sawa. Mimi nilipoanza kliniki, mbio ndefu ya Jumapili iligeuka kuwa kikao kingine: nilikimbia kilomita 20 nikiongea na mteja kichwani, nikipanga maswali, nikirudi nyumbani nimechoka mara mbili. Nikajiwekea utaratibu. Maandishi ya kikao yanakamilika kabla sijatoka kliniki. Kilichobaki kinaniwasha nakiandika kwenye karatasi ya kumpelekea msimamizi Alhamisi, kwa sababu usimamizi umewekwa kwa kazi hiyo hiyo. Kisha natembea kwa mguu kurudi nyumbani, polepole, na kula chakula kamili. Mbio zikabaki mbio. Ninaamini hili lilinisaidia zaidi ya kitu chochote walichonifundisha kuhusu kujitunza, kwa sababu vitabu vyetu humshauri mshauri aliyechoka aende akakimbie, na havisemi lolote kwa yule ambaye kukimbia ndiyo kazi yake.

Somo lililonichukua nguvu zaidi kulijifunza ni kumwuliza mtu, kwa sauti ya kawaida na kwa maneno yasiyozungushwa, kama anafikiria kujiua. Nilikulia mahali ambapo neno hilo halitamkwi mbele ya watu. Hofu iliyozoeleka ni kwamba ukiuliza utamtia mtu wazo hilo. Tafiti zinaonyesha vinginevyo, na wengi wakiulizwa hivyo hupumua. Nilifanya mazoezi ya swali lile na wanafunzi wenzangu, kisha kwa Kiswahili peke yangu chumbani, kwa kuwa nilijua ipo siku nitalihitaji kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba. Nilikuwa nimetoka mazoezini, nikaisoma habari hiyo nikiwa na viatu vya spaiki mkononi. Maisha yangu yote mtu wa kwetu aliyenusurika angeweza kutolewa hospitalini akapelekwa kituo cha polisi. Nani angemjibu mshauri ukweli? Nililia pale pale, na siku ile kilomita zilikwenda kwa furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo msimu mzima.

Mbio yangu ya mwisho ilikuwa mita 10,000 za kanda ya magharibi, mchujo wa kuelekea fainali za NCAA, College Station, Mei 2025. Wanaoanza ni 48, wanaoendelea fainali ni 12, na mimi sikuwa miongoni mwao. Raundi 25 za usiku wenye joto la Texas. Nilikimbia vizuri, nikamkumbatia kocha, tukazungumza muda mrefu.

Sasa niko kwenye zile saa 600. Bado natoka alfajiri, ila kwa kilomita ninazotaka mimi, na safu ya wateja imebaki kwenye daftari kwa sababu bado inanieleza ukweli. Nikimaliza ninakusudia kurudi. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, na nimeanza kukusanya karatasi za usajili, maana shahada ya nje huulizwa mengi. Kambi nilizopitia za Iten zina mkandaji, zina wa kupika, zina vijana wa kuvuta kasi. Makocha wawili ninaowafahamu wamekubali tuanze na jambo dogo: kwenye daftari la kila mwanariadha, pembeni ya kilomita, iwepo safu ya kuandika alivyolala na kinachomlemea, na kila Ijumaa awepo mtu asiyechagua timu wa kukaa naye akitaka. Kocha mmoja ameniuliza safu hiyo tuiite nini. Nimemwambia tuwaulize wanariadha wenyewe.